Kukifunga Kisima cha Babu Sururu

Kila asubuhi, kabla hajakalia cherehani yake, fundi nguo mmoja alikuwa na kazi ya kwanza. Alienda uani, akateka ndoo moja kisimani. Alichota maji kwa kiganja, akayazungusha mdomoni, akameza. Kisha alisema, "Yako sawa." Hapo ndipo watu wengine wa nyumbani waliruhusiwa kuteka.

Mtaani walimwita Bi Cherehani. Mashine yake ilikuwa na kelele, na yeye mwenyewe hakuwa mkimya. Alishona sare za shule, mashuka, mapazia na magauni. Aliishi na mumewe, ambaye alikuwa dereva wa lori, pamoja na mama yake mzazi na binti yao wa mwisho. Watoto wakubwa walikwisha kuondoka, kila mmoja na maisha yake. Huyu wa mwisho alikuwa na miaka sita, na wote walimwita Kitinda.

Tabia ya kuonja maji Bi Cherehani aliirithi kwa marehemu baba yake. Mzee yule alikuwa mchimbaji wa misingi ya nyumba na mitaro. Watu walimwita Babu Sururu, kwa kuwa sururu halikutoka begani mwake. Watani wake walidai kwamba analala nalo.

Kisima cha uani alikichimba yeye kwa mikono yake, miaka thelathini na sita iliyopita. Bi Cherehani alikuwa na miaka tisa. Kiangazi kizima yeye na mama yake walikuwa juu, wakivuta ndoo za udongo kwa kamba. Baba alikuwa chini. Kila siku sauti yake ilitoka mbali zaidi. Alikuwa akiwatania kutoka kule kule shimoni. "Nileteeni koti," alisema. "Huku kuna baridi, na jua la huko kwenu silioni."

Siku maji yalipotokea, Babu Sururu alipanda juu akiwa na tope mpaka masikioni. Alikaa chini, akafunika uso kwa mikono. Bi Cherehani alidhani baba amechoka. Baba alijenga kuta za kisima kwa pete za saruji, akasubiri siku nne maji yatulie. Kisha aliyaonja na kusema, "Yako sawa."

Sasa ilikuwa miaka mitano tangu mzee huyo afariki. Bi Cherehani alimkumbuka kila ndoo ilipogonga maji. Alipenda baridi ya maji yale, na kamba iliyokuwa na manyoya manyoya kwa kuvutwa. Akiinama kisimani, alijisikia mtoto wa miaka tisa. Haya yote hakumwambia mtu, lakini yalikuwa moyoni.

Mvua za mwaka ule zilianza mapema, na pamoja na mvua, tumbo la Kitinda nalo likaanza. Mara ya kwanza aliharisha siku mbili, akapona. Mara ya pili alipelekwa zahanati. Muuguzi aliyempokea alimpa dawa ya kuongeza maji mwilini, akamgeukia mama mtu.

"Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisimani kwetu," Bi Cherehani alisema. "Hayana tatizo. Mimi mwenyewe huyaonja kila siku."

"Mama, vijidudu havina ladha," muuguzi akasema. "Chemsheni maji mpaka yatokote. Halafu mkapime kisima."

Maneno hayo yalimchoma Bi Cherehani. Njia nzima alinung'unika. Binti mdogo kama yule, alisema, atamfundisha nini kuhusu kisima cha baba yake? Alifika nyumbani, akachemsha maji siku mbili, siku ya tatu akaacha. Kuni zilikuwa mbichi, na maji ya kuchemsha yalinuka moshi. Tena, aliyaonja ya kisimani na yalikuwa yale yale.

Mara ya tatu mtoto alizidiwa. Macho yalizama. Midomo ilikauka. Alipoitwa hakuitika vizuri. Mumewe alikuwa ndio kwanza amerudi safari. Alimbeba Kitinda mgongoni, akakimbia naye zahanati bila hata kuvua viatu vyake vya kazi. Mtoto alilazwa siku mbili, akitiwa maji kwa mshipa. Bi Cherehani alikaa kando ya kitanda, ameshika tama. Muuguzi yule yule alipita mara nyingi, na hakumkumbusha chochote. Afadhali angemkumbusha.

Walipotoka, mumewe hakutaka mjadala. Alisema atamwita Mama Mtambo.

Mama Mtambo alikuwa fundi wa visima. Alipata jina hilo kwa sababu ya mtambo wake mkubwa wa kuchimbia, uliobebwa na lori. Lakini siku ya kwanza alikuja bila mtambo. Alikuja na viatu vya mvua, daftari, na futi ya kupimia shingoni. Bi Cherehani aliiona ile futi, akalainika kidogo. Na yeye yake ilikuwa shingoni.

Mume wa Bi Cherehani alikuwa amejiandaa. Alileta maji ya kisima ndani ya chupa, ili yapelekwe kupimwa. Mama Mtambo aliinua chupa, akainusa, akacheka.

"Shemeji, hapa maabara watapima sharubati," alisema.

Kweli, chupa ile ilikuwa ya sharubati. Mama Mtambo alieleza kwamba maji ya kupima huwekwa kwenye chupa maalumu ya maabara, iliyosafishwa kwa joto. Haifunguliwi mpaka wakati wa kuchota, wala haiguswi mdomo wake kwa vidole. Kisha hupelekwa siku hiyo hiyo, ikiwa kwenye baridi. Alitoa chupa kama hiyo mkobani, akachota mwenyewe.

Baada ya hapo alianza kuzunguka uani. Aliangalia kifuniko cha kisima. Kilikuwa mbao tatu, na katikati kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Aliangalia kamba. Ilikuwa chini, kwenye tope, pale kuku walipopita. Aliangalia sakafu ya saruji kuzunguka kisima. Ilikuwa na ufa mrefu, na maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yakiingia ufani taratibu. Karibu na hapo palikuwa na doa jeusi.

"Hili doa ni la nini?"

"Hapo ndipo ninapobadilishia oili ya lori," mume akajibu. Kabla hajaulizwa la pili, aliangalia pembeni.

Mama Mtambo akapandisha macho. Kiwanja chao kilikuwa kirefu, chenye mteremko. Nyumba ilikuwa chini, kisima katikati. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na vyumba vitatu vya wapangaji na choo cha shimo. Fundi alipiga hatua ndefu kutoka chooni mpaka kisimani, akihesabu. Zilikuwa kumi na mbili.

"Hiki choo kilijengwa lini?"

"Mwaka wa nne huu," alisema Bi Cherehani.

"Nani alichagua mahali?"

"Mimi." Alieleza kwamba alitaka kiwe mbali na nyumba, ili harufu isimsumbue mama yake, maana ni mtu mzima na hukaa mlangoni mwa jiko mchana kutwa. Na kweli harufu haikuwahi kufika.

"Na mtoto alianza kuumwa tumbo mwaka gani?"

Bi Cherehani alihesabu moyoni. Kila msimu wa mvua kwa miaka mitatu Kitinda alikuwa ameumwa, na kila mara walisema ni mabadiliko ya hewa.

Majibu ya maabara yalitoka siku ya nne. Mama Mtambo aliwasomea wakiwa wamekaa kwenye chumba cha kushonea, katikati ya vitambaa. Ndani ya maji kulikuwa na vijidudu vya kinyesi, tena vingi. Alieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kinyesi kikiwa shimoni, maji yake machafu hunywea ardhini na kufuata mteremko. Mvua ikinyesha huenda haraka zaidi. Hatua kumi na mbili ni karibu mno. Choo cha shimo kinatakiwa kiwe mbali na kisima, angalau mita thelathini, na kisima kikae upande wa juu. Juu ya hayo, kuna ufa, kuna kamba ya tope, na kuna mikono inayopita kwenye mbao.

"Kwa hiyo baba yangu alichimba mahali pabaya," Bi Cherehani akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na si kawaida yake.

"Hapana," Mama Mtambo akajibu. "Baba yako hakukosea. Zamani hapa juu palikuwa na nini?"

"Palikuwa na bustani yake ya maharagwe. Zaidi ya hapo ni nyasi tupu. Nyumba ya jirani hukuiona mpaka upande juu ya ukuta."

"Basi alipachagua vizuri. Alipima kwa macho, na macho yake yalikuwa sawa. Wewe ulipima kwa pua. Pua inajua upepo, haijui maji ya ardhini."

Bi Cherehani alichukua kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua. Alijua sasa. Maji ya baba yake yalikuwa safi, na yeye ndiye aliyeyaharibu.

Mumewe akauliza kama choo kikihamishwa, kisima kitapona. Mama Mtambo alitikisa kichwa. Uchafu ulioko ardhini ungekaa muda mrefu. Tena pete za saruji zilikwisha kupasuka, na kisima chenyewe kilikuwa kifupi. Ushauri wake ulikuwa kuchimba kisima kipya kirefu kwa mtambo, kwenye kona ya juu kushoto. Alikwisha kupima. Kutoka chooni mpaka pale ni mita arobaini na tano, na ardhi iko juu zaidi. Vyoo vya majirani navyo viko mbali.

Walikuwa na akiba ya kuezeka nyumba upya. Mume akasema bati linaweza kusubiri. Alitaja pia mchimbaji mwingine, anayemaliza kazi kwa siku moja bila karatasi yoyote. Mama Mtambo hakukasirika. Aliwaambia wamwulize mchimbaji yeyote mambo haya: kama anachukua kibali cha ofisi ya maji, kama anapima ardhi kabla ya kuchimba, anaweka mabomba gani ya kuzuia udongo, anazibaje nafasi iliyo nje ya bomba, na kama atawaachia karatasi inayoonyesha urefu wa kisima na aina za udongo alizopita. Asiyejibu, wamwache aende zake.

"Mimi nitajibu yote," alisema. "Lakini nina sharti moja. Sichimbi kipya mpaka mkubali kufunga hiki cha zamani. Kukifunga kabisa, mpaka juu."

Hapo Bi Cherehani aliinua kichwa.

"Hatutakitumia," alisema. "Tutakifunika, kikae hivyo hivyo. Kiwe kumbukumbu."

"Dada yangu, kisima kisichotumika ni mlango ulioachwa wazi. Uchafu wote wa juu utapita humo, uende moja kwa moja kwenye maji ya chini. Na kile kipya kinakunywa huko huko chini. Halafu mbao zinaoza. Kuna mtoto hapa nyumbani."

"Kisima cha baba yangu hakifukiwi," akasema Bi Cherehani. Alirudi kwenye cherehani, akaizungusha kwa nguvu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Siku tano zilipita. Bi Cherehani alitia ngumu. Maji yalichemshwa kila siku sasa, hilo hakulibishia. Aliyapoza kwenye mtungi wenye kifuniko, na mtungi ulikuwa na kata yake ya kuchotea. Lakini kisimani hakutaka mtu aguse. Mumewe alijaribu kumbembeleza, akajibiwa kwa ukali.

"Wewe ulimkuta baba akiwa mzee. Hukumwona akiwa mle ndani."

"Ni kweli, mama Kitinda. Sikumwona. Lakini nilimwona Kitinda mgongoni kwangu."

Kilichomtisha Bi Cherehani zaidi kilikuwa mama yake. Bibi alikuwa na miaka karibu themanini. Kila siku alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko, uso ukielekea kisimani. Hakuna aliyemweleza habari za kufukia. Nani angemwambia mjane kwamba kazi kubwa ya mumewe itafukiwa kwa kokoto?

Lakini masikio ya Bibi yalikuwa mazima kuliko magoti yake. Siku ya sita, baada ya chakula cha mchana, aliingia mwenyewe kwenye chumba cha kushonea. Alikalia kigoda cha wateja. Bi Cherehani alikuwa anapinda sketi ya shule.

"Simamisha hiyo mashine," Bibi akasema. "Unajua kwa nini baba yako alichimba kisima?"

"Si ilikuwa kazi yake, mama?"

"Kazi yake ilikuwa misingi na mitaro. Kisima hakuwa amechimba hata kimoja. Kile ndicho cha kwanza, na hakuchimba kingine." Alivuta kigoda karibu na mashine. "Unamkumbuka mdogo wako?"

Bi Cherehani alimkumbuka kidogo. Alikuwa mvulana mnene, wa miaka miwili, aliyependa kuvuta nywele za watu. Mwaka mmoja yeye Bi Cherehani alipelekwa kukaa kwa shangazi wiki tatu. Aliporudi mdogo wake hakuwepo. Aliambiwa kwamba homa ilimchukua.

"Haikuwa homa," Bibi akasema. "Lilikuwa tumbo. Tulikuwa tunakunywa maji ya bwawani wakati ule."

Bi Cherehani aliganda na sketi mkononi. Alilikumbuka bwawa. Alikumbuka njia yake, majani marefu, na kopo lake la mafuta lenye mpini wa waya. Alikuwa akienda kila asubuhi, na akirudi alisifiwa.

"Maji yale nilikuwa nateka mimi," alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa na miaka minane. Ndiyo maana tulikuambia homa. Baba yako alisema mtoto asibebe mzigo huu. Kiangazi kilichofuata akaacha vibarua vyote, akaanza kuchimba. Watu walimwona mwendawazimu. Hakuchimba ili tuwe na shimo la kumkumbuka. Alichimba asizike mtoto mwingine."

Bi Cherehani alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kichwa kikiwa juu ya meza ya mashine. Alimlilia baba yake, na mdogo wake, na msichana yule wa kopo. Bibi alimwacha. Alimpapasa mgongo tu, kama zamani.

"Wakati ule hukujua," akasema Bibi mwishoni. "Na choo nacho, hukujua. Sasa unajua."

Jioni ile ile Bi Cherehani alimwambia mumewe amwite Mama Mtambo.

Kazi ilianza mara tu kibali kilipotoka. Mtambo uliponguruma watoto wa mtaa mzima walikuja kutazama. Ulichimba siku mbili, mpaka mita sitini. Mama Mtambo alichukua udongo wa kila hatua, akauweka kwa mafungu, akaandika. Waliteremsha mabomba. Nje ya mabomba, kule chini, walimwaga kokoto safi za kuchuja. Kuja juu waliziba kwa saruji, mita kadhaa, ili maji ya mvua yasipate pa kupenya. Bomba liliachwa limetokeza juu ya ardhi kimo cha goti. Kisha walisukuma maji mpaka yakawa meupe, wakatia dawa ya klorini, wakaiacha usiku mzima, wakaisukuma itoke. Pampu ilijaribiwa kutwa nzima kuona kama kisima kinajaza tena maji yanayotolewa. Haikuwekwa chini kabisa, isije ikameza mchanga.

Siku ya kufunga kile cha zamani, Bibi alihamishia kiti chake karibu kabisa. Kwanza maji yalitolewa kwa pampu. Kijana mmoja wa Mama Mtambo aliteremka, amefungwa mkanda, baada ya hewa ya chini kupimwa. Kisima cha watu si mahali pa kujitumbukiza tu, fundi aliwaambia waliokuwa wakitazama, maana hewa mbaya huua kimya kimya. Kijana alitoa ndoo mbili zilizozama, kandambili, na kikombe cha bati chenye ua jekundu.

Bibi alikiona kikombe akacheka mpaka machozi. Kikombe kile kilipotea zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na shangazi mtu ndiye aliyesingiziwa. Yeye na Bibi hawakusemeshana miezi sita kwa sababu yake.

"Na amekufa bila kuombwa radhi," alisema Bibi. Alikifuta kwa upindo wa nguo yake, akacheka tena.

Jirani mmoja alikuja na toroli. Alikuwa amebeba matofali yaliyovunjika, magodoro yaliyochanika na makopo. Alisema kwa kuwa shimo linafukiwa, basi amekuja kusaidia. Mama Mtambo alimzuia. Alimweleza kwamba kisima hakifukiwi kwa taka. Kitakachowekwa humo kitakutana na maji ya wote, pamoja na ya kwake jirani. Toroli likarudi lilikotoka.

Walitia klorini kule chini. Wakajaza mchanga na kokoto safi. Juu yake wakashindilia udongo wa mfinyanzi, tabaka baada ya tabaka. Walibomoa pete za juu, wakamalizia kwa saruji nzito. Bi Cherehani alisimama muda wote. Aliomba koleo, akashindilia na yeye, jasho likimtoka. Hakujisikia vizuri moyoni, asingedanganya mtu. Lakini hakujuta.

Tangu hapo nyumba ile ilijifunza adabu mpya. Bi Cherehani alikuwa na daftari la vipimo vya wateja wake. Alikifungulia kisima ukurasa, kama mteja. Aliandika urefu wake, maji yanaanzia wapi, pampu iko mita ngapi, na tarehe ya kupimwa. Mama Mtambo alimwambia kwamba maji hupimwa kila mwaka, na pia baada ya mafuriko, au baada ya kisima kufunguliwa kwa matengenezo. Rangi au harufu ikibadilika wasingoje mwaka. Pampu ikianza kutoa mchanga, wamwite kabla haijafa. Kuzunguka bomba waliweka sakafu yenye mteremko na mfereji wa kupeleka maji mbali. Kifuniko kilikuwa cha chuma, chenye kufuli. Mume alihamishia lori lake nje ya ukuta, na oili chakavu akaipeleka gereji. Shimo la choo lilijengewa ukuta ndani. Wapangaji nao walifurahi, maana walipata bomba lao.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa kuliko zote. Barabara ilikatika, mume akakwama safarini wiki nzima. Kitinda alicheza kwenye madimbwi, akavunja mwavuli wa watu, akapoteza kiatu. Tumbo halikumwuma hata siku moja. Ilipofika katikati ya msimu Bi Cherehani aligundua kwamba alikuwa amesahau kuhofu.

Mvua zilipokwisha, maji yalipimwa tena. Majibu yalikuwa safi. Ilibaki kupeleka nakala ofisi ya maji, pamoja na fomu ya kisima kilichofungwa. Bi Cherehani alikwenda na mama yake. Bibi alisisitiza kwenda, magoti au la.

Walikaa kwenye benchi la mbao, chini ya feni iliyozunguka kwa kusitasita. Bi Cherehani alijaza fomu kwa herufi zake kubwa. Palipoandikwa jina la mchimbaji, aliandika jina kamili la baba yake, lile ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Aliandika mwaka. Kisha alifika kwenye maswali mawili ya mwisho, akasita. Alimsomea mama yake kwa sauti ya chini. Bibi alimjibu sikioni, na yeye akaandika.

Karani alipokea fomu, akaipitia kwa kidole. Kidole kilisimama.

"Mama, hapa umekosea kidogo," alisema. "Sababu ya kisima kuchimbwa, umeandika mtoto. Sababu ya kufungwa, umeandika tena mtoto. Neno moja mara mbili."

"Hajakosea," Bibi akasema.

Karani alimtazama yule mzee, akamtazama binti yake. Alichukua muhuri, akagonga.